TAHARIRI YA VIJANA: Tuache kwanza ubishi wa imamu mwanamke, tumfungulie dada mlango

Vijana wa Kiislamu wakianza kujadili wanawake na msikiti, hazipiti dakika tano kabla mtu hajalitaja jina la Amina Wadud. Likishatajwa, basi mazungumzo yamekwisha. Huyu atasema dini inachezewa, yule atasema dini imegeuzwa mali ya wanaume, na kufikia isha watu wamerushiana maneno hadi wamechoka. Kesho yake dada aliyekuwa akihangaika katikati ya mji akitafuta pa kuswali alasiri bado anahangaika.

Kwa wasiomjua, Wadud ni msomi Mwislamu wa Marekani ambaye Ijumaa ya Machi 18, 2005 alitoa khutba na kuwaswalisha wanaume na wanawake pamoja jijini New York. Swala hiyo ilifanyiwa katika jengo la kanisa kwa sababu misikiti ilikataa kuipokea, na ukumbi wa sanaa uliokuwa umekubali ukajiondoa baada ya kutishiwa bomu. Wanazuoni wengi duniani, akiwemo marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliipinga waziwazi. Wachache walioitetea walishika hadithi ya Ummu Waraqa, mwanamke aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W) awaswalishe watu wa nyumbani kwake, na hadi leo watu wanavutana kuhusu hao wa nyumbani walikuwa kina nani.

Hilo ni suala la kielimu na lina wenyewe. Madhehebu yote manne ya Kisunni yamesimama kwamba mwanamke hawi imamu wa wanaume katika swala ya faradhi. Sisi tuliolelewa katika fikihi ya Kishafii tunajua pia kwamba anaweza kuwaswalisha wanawake wenzake, akasimama katikati ya safu yao badala ya kutangulia mbele, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bi Aisha na Bi Ummu Salama. Ukurasa huu hauna nia ya kukifungua kitabu hicho. Tunachosema ni kwamba kelele za New York zimetupa kisingizio kizuri cha kutoshughulikia jambo la hapa nyumbani, ambalo halihitaji mufti wala kongamano.

Kina dada tunaokutana nao vyuoni, makazini na sokoni hawajatuambia hata siku moja kwamba wanataka kusimama kwenye mihrabu. Wanataka mlango usiotiwa kufuli. Wanataka bomba la maji lililositirika, zulia lisilonuka panya, na spika inayosikika ili wajue imamu yuko kwenye rukuu au kwenye sijida. Ndiyo hayo tu, na bado tunayafanya magumu.

Hebu tuangalie siku ya kawaida ya barobaro na ya dada yake. Wote wawili wametoka nyumbani asubuhi, mmoja kazini, mwingine chuoni. Adhuhuri inaadhiniwa wakiwa katikati ya mji, alasiri vivyo hivyo. Magharibi ndiyo mtihani mkubwa: jua letu huku ikweta huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na muda wa swala yenyewe ni saa moja na dakika chache tu, ambazo wengi wetu tunazimalizia kwenye foleni ya magari au tukisubiri feri Likoni. Barobaro hana shida. Anauona mnara, anavua viatu, anatawadha, anajiunga na safu, na baada ya dakika kumi yuko barabarani tena na moyo umetulia.

Dada naye anafika mlangoni anauliza, "Samahani, hapa kuna sehemu ya wanawake?" Pengine hakuna. Pengine ipo lakini imefungwa, na ufunguo uko kwa mwadhini, na mwadhini yuko ndani anaswali. Pengine ipo na iko wazi, ila njia yake inapita kwenye mabomba ambako wanaume wamejipanga wakikunja suruali, naye anatakiwa aoshe mikono hadi viwiko, apanguse kichwa, aoshe miguu, mbele ya hao hao ambao atakemewa akiwaonyesha kifundo cha mguu. Akifanikiwa kupanda ngazi, atakuta chumba kinachotumiwa pia kuwekea mikeka mibovu, masufuria ya futari na jeneza. (Jeneza si la kuchukiza, sote tutalipanda. Lakini lina pahala pake.)

Kwa hiyo anaswali kwenye kijichumba cha kujaribia nguo dukani kwa rafiki. Anaswali stoo ya ofisi, nyuma ya makatoni ya karatasi. Mama muuza nguo za mtumba anajibana nyuma ya marobota akimwomba jirani amwangalizie biashara. Au haswali, anasema atalipa akifika nyumbani. Wiki ya kwanza jambo hilo linamuuma. Mwezi wa tatu halimuumi tena. Tunapoketi kwenye mihadhara tukilalamika kwamba wasichana wetu wameipa dini mgongo, ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza walikuwa wanatarajiwa waswalie wapi.

Jibu la haraka ambalo dada huyu hupewa ni kwamba swala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora zaidi. Ni kweli, imepokewa, na hatutaki kujifanya haipo. Lakini tusome hadi mwisho. Katika mapokezi ya Abu Daud, hadithi inayosema nyumba zao ni bora kwao ndiyo hiyo hiyo inayoanza kwa kuwakataza wanaume kuwazuilia wanawake misikiti. Yote mawili yako katika pumzi moja. Ukitaja nusu ya pili na kuimeza ya kwanza, hujanukuu hadithi, umeikata. Tena kuambiwa kitu ni bora maana yake una hiari baina ya viwili. Ubora wa nyumba unalinganishwa na msikiti, kwa mtu ambaye nyumba yake iko karibu. Haulinganishwi na stoo ya makatoni, wala haumsaidii abiria aliyeshuka Mtito Andei basi likisimama dakika ishirini.

Na wanaoijua historia ya Madina wanajua kwamba ubishi huu si mpya. Sayyidna Umar alikuwa na mke, Atika binti Zaid, aliyekuwa akienda msikitini alfajiri na isha. Umar hakupenda, na wivu wake ulijulikana. Mkewe alipoulizwa mbona anatoka ilhali anajua mumewe hapendi, alijibu kwa kuuliza ni nini basi kinachomzuia Umar asimkataze. Kilichomzuia ni kauli ya Mtume. Hebu mfikirie Umar, mtu ambaye shetani alikuwa akibadilisha njia kwa ajili yake, anaimeza hamaki yake kwa sababu sheria haiko upande wake. Imesimuliwa kwamba hata siku alipochomwa kisu akiswalisha alfajiri, Atika alikuwa mle mle msikitini.

Mwanawe, Abdullah bin Umar, alipokuwa akiisimulia hadithi hiyo ya kutowazuilia, mtoto wake mmoja aliapa kwamba wao watawazuia tu. Abdullah alimkemea kwa ukali ambao msimulizi anasema hakuwahi kumsikia akiutumia. Yaani kijana alidhani anailinda heshima ya familia, kumbe anapingana na Mtume mbele ya baba yake.

Msikiti wenyewe wa Madina ulikuwaje? Safu za wanaume zilikuwa mbele, za wanawake nyuma, chini ya paa moja, bila ukuta. Masahaba wengine walikuwa mafukara wenye kipande kimoja cha nguo kilichofungwa shingoni, hivyo wanawake waliambiwa wasiharakishe kuinua vichwa kutoka kwenye sijida kabla wanaume hawajakaa sawa. Leo tungekuwa sisi, haki ya Mungu tungewaambia kina mama wabaki nyumbani hadi waume wapate kanzu ndefu! Wao walitafuta utaratibu mdogo tu, na swala ikaendelea. Mtoto akilia, Mtume alikuwa akiifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Swala ikiisha, alikuwa akikaa kidogo mahali pake kabla ya kuinuka, na wanazuoni wameeleza kwamba ilikuwa ni ili wanawake watangulie kutoka. Angalia vizuri hapo. Tatizo la watu kuchanganyikana mlangoni lilikuwepo enzi hizo pia, na aliyeambiwa asubiri ni mwanamume.

Sasa, hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba upande wa pili hauna hoja. Wanayo, na nzito kuliko zote ni ya Bi Aisha mwenyewe, aliyesema kwamba Mtume angaliyaona wanayoyafanya wanawake baada yake, angaliwazuia misikiti. Ustadh akiitaja hiyo mbele ya wanafunzi, darasa zima hunyamaza. Lakini Ibn Hajar al-Asqalani, Mshafii mwenzetu aliyefariki mwaka 1449 na mfafanuzi mkubwa wa Bukhari, aliieleza kwamba kauli hiyo imefungwa kwenye sharti ambalo halikutokea: Mtume hakuyaona, hakuzuia, na hukumu ikabaki ilivyokuwa. Bi Aisha alikuwa akisikitika na kuonya, na onyo lake lina nafasi yake. Dada anayekwenda msikitini amejimwagia manukato hadi safu nzima inapiga chafya amekatazwa kwa hadithi iliyo wazi, na wale wanaougeuza ukumbi wa juu kuwa baraza la umbeya khutba ikiendelea wanawaharibia wenzao.

Hoja nyingine imo katika vitabu vya fikihi yetu. Wanazuoni wa Kishafii wameandika kwamba ni makuruhu kwa msichana kwenda kwenye jamaa kwa kuchelea fitina, na kwamba bibi kizee hana neno. Tunaiheshimu kauli hiyo. Makuruhu, hata hivyo, si haramu, na sababu iliyotajwa ni fitina ya kutoka kwake nyumbani. Tuulizane kwa ukweli: huyu msichana wa leo hajatoka? Yuko kwenye matatu inayotingisha madirisha kwa muziki. Yuko kwenye ukumbi wa mhadhara pamoja na wavulana mia mbili. Yuko benki, hospitalini, Marikiti, kwenye kliniki ya watoto, kwenye ofisi ya ardhi akisukumana na madalali. Tumemsomesha sisi wenyewe, mshahara wake unalipa karo ya wadogo zake, na hakuna aliyeitisha kikao kujadili fitina ya matatu. Mahali pote pamemkubali. Pale pa kumtajia Mola wake ndipo tunapokumbuka kumwogopea.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipopinda. Waliotangulia walikuwa wakipima msikiti dhidi ya nyumba iliyotulia. Sisi tunapaswa kupima msikiti dhidi ya stejini, na kwenye mizani hiyo sioni mwanachuoni ambaye angechagua stejini.

Tukija kwenye Ijumaa, mambo yanakuwa makubwa zaidi. Swala ya Ijumaa haimlazimu mwanamke, hilo halina ubishi. Akihudhuria, swala yake inasihi na hahitaji kuswali adhuhuri tena, hilo nalo halina ubishi. Lakini Ijumaa si rakaa mbili peke yake. Ni khutba. Ndicho kikao pekee cha kila wiki ambapo jamii yetu inazungumziwa mambo yake: dawa za kulevya mitaani, vijana wanaorubuniwa na magaidi, mirathi, mahari yaliyopanda, talaka zinazotolewa kwa ujumbe wa simu. Khutba ya haki za mke, kwa kawaida, inasikilizwa na waume watupu. Mke huipata kwenye sinia la pilau, ikiwa imefupishwa na mumewe au kaka yake, na zile sehemu zilizomchoma msimuliaji zimeshaanguka njiani.

Sahaba mmoja wa kike, Ummu Hisham binti Haritha, alisema kwamba alihifadhi Sura Qaf kutoka kinywani mwa Mtume, kwa kuwa alikuwa akiisoma juu ya mimbari kila Ijumaa. Sura ya aya 45! Hakwenda madrasa wala hakusimuliwa. Alikuwepo, akasikia, wiki baada ya wiki, hadi ikamkaa kifuani. Spika zetu za sehemu ya wanawake zinazokwaruza kama redio ya zamani zingemhifadhisha nini?

Kuna watakaosema hizi ni fikra za kutoka nje. Ng'ambo haina umoja kuhusu jambo hili, na wala hatuhitaji kuiga mtu, ila mifano miwili mitatu inafundisha. Makka, mahali ambapo kila mmoja wetu anaelekeza uso, wanaume na wanawake wanatufu pamoja kuizunguka Kaaba. Mwaka 2006 yalipotolewa mapendekezo ya kuwaondoa wanawake kuswali karibu na Kaaba na kuwapeleka mbali zaidi, wanawake wa Saudia wenyewe walipaza sauti na mpango ukaachwa. Nchini India, Bodi ya Sheria za Kibinafsi za Waislamu, ambayo hakuna anayeweza kuiita ya kimapinduzi, iliiambia Mahakama ya Juu mwezi Januari 2020 kwamba mwanamke ana ruhusa ya kuingia msikitini kuswali, ingawa hakulazimishwa. Kilichowapeleka huko ni kesi ya mume na mke wa jiji la Pune waliotaka kuswali msikitini. Katika mkoa wa Henan nchini China kuna misikiti ya wanawake peke yao, yenye wasimamizi na walimu wanawake, na imekuwepo kwa vizazi.

Tungesikitika sana sisi kufikishana mahakamani. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kuabudu, lakini jaji hawezi kuamuru zulia liwe safi, na dada anayeingia msikitini kwa amri ya korti ataangaliwa kwa jicho gani?

Wala elimu ya mwanamke si mgeni katika pwani yetu. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuacha nafasi ya wanawake, ni kweli, lakini nyumba zilikuwa zimejaa wanawake wanaosomesha, wanaosoma maulidi, wanaotunga tenzi za dini. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858, na Dada Masiti wa Barawa anakumbukwa hadi leo kama walii na malenga. Katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwenye magazeti yake ya Mombasa, Sahifa na Al-Islah, akiwahimiza Waislamu waamke, na elimu ya wasichana ilikuwa mojawapo ya aliyoyapigania. Alikuwa na wapinzani waliodhani shule itawaharibu watoto wa kike. Wajukuu wa wapinzani hao leo ni madaktari na mawakili, wa kike kwa wa kiume.

Mbona hata sisi wenyewe tunajua inawezekana? Ramadhani ikiingia, kufuli zote zinafunguka. Misikiti ya mijini inatandikwa mabusati hadi uani, pazia zinatundikwa, watoto wanatafutiwa kona, na kina mama wanajaa kwenye tarawehe hadi usiku wa kumi la mwisho. Hakuna fitina inayotangazwa mwezi huo. Mwezi ukiandama wa Shawwal, pazia linakunjwa, ufunguo unarudi mfukoni kwa mtu.

Na asubuhi ya Idi yenyewe? Ummu Atiyya amesimulia kwamba waliamrishwa kuwatoa wanawake wote kwenda kwenye Idi, hadi wasichana walio ndani, hadi walio katika hedhi, ambao wao hukaa kando wasiswali lakini washuhudie heri na dua za Waislamu. Alipouliza afanyeje asiye na nguo ya kujisitiri, akaambiwa mwenzake amwazime. Kwa jumla, huo ndio mwaliko mpana kuliko wote tulio nao. Jijini Nairobi, katika uwanja wa Sir Ali Muslim Club, utaziona familia nzima zimekuja, baba mbele, mama na mabinti nyuma, watoto wakikimbizana na baluni. Lakini ziko nyumba nyingi, hasa Pwani, ambako asubuhi ya Idi mwanamke bado ni wa jikoni: wanaume wanakwenda kuswali, wakirudi wanakuta pilau, kaimati na tambi, na aliyepika hajasikia takbira ila kwa redio. Mila hiyo ina utamu wake na hatuidharau. Ila aulizwe mwenyewe kama angependa pilau ingoje saa moja.

Tumezungumza kana kwamba tatizo lote ni la wazee wa kamati. Wazee wana lao, lakini hebu tutazame misikiti na vyumba vya swala vya vyuo vikuu, ambavyo vinaendeshwa na sisi vijana. Huko hakuna mzee wa kumsingizia. Jumuiya ya wanafunzi ina amiri na amira, ina bajeti, ina kundi la WhatsApp. Nani anayechagua mada za mihadhara? Nani anayejua namba ya fundi wa spika? Mara ngapi amira anatafutwa tu ikifika zamu ya kupanga chakula cha futari na kuandika kadi za mwaliko? Masista wanaambiwa matangazo yakishaamuliwa, halafu tunashangaa wanakuja wachache. Kijana anayezoea kwamba maamuzi ya msikiti wa kampasi ni ya wavulana atahitimu, ataoa, atakua, na baada ya miaka 20 atakuwa ndiye mwenyekiti wa kamati mtaani. Ufunguo utakuwa mfukoni mwake.

Kuhusu pesa, tusidanganyane. Visingizio vya kwamba hakuna fungu vinasikika vibaya ukikumbuka ni nani walioujenga msikiti. Kwenye harambee kina mama ndio wanaovua bangili, ndio wanaoleta pesa za chama, ndio wanaopika siku tatu mfululizo ili mgeni wa heshima ale vizuri kabla ya kutoa ahadi yake. Msikiti ukikamilika wanaonyeshwa kwa mbali. Tunadhani ni wakati wachangaji hao waombe kuona ramani ya jengo kabla ya tofali la kwanza: mlango wao uko wapi, vyoo na mabomba yao yako wapi, na watamwona au watamsikiaje imamu. Kuongeza sehemu ya wanawake jengo likishaezekwa ni ghali, na ndiyo maana huishia kuwa ule ukumbi wa jeneza. Kuichora mwanzoni hakuongezi gharama ya kutisha.

Kwa misikiti iliyokwisha kujengwa, kamati ziwe na wanawake wawili watatu wanaoketi kikaoni na kusema, si majina ya kujaza fomu. Hawatahitaji kukaa bega kwa bega na mtu. Meza ni ndefu, na tumeshaona vikao vya harusi vikifanywa hivyo bila dini kuporomoka. Wao ndio watakaojua kwamba taa ya ngazi imeungua tangu Rajabu, kwamba hakuna ndoano ya kutundika buibui, kwamba mama mwenye pacha anaogopa kuja kwa sababu mara ya mwisho alikemewa kwa kipaza sauti. Mwanamume hawezi kuyajua hayo, kwani hajawahi kufika juu.

Na wewe kaka unayesoma hapa, unaweza kuanza bila kungoja kikao. Ijumaa hii ukishatoa salamu, usikimbilie viatu. Kaa kidogo kina mama watoke. Kisha zunguka upande wa pili wa jengo ukauangalie mlango wao, na ukiukuta umefungwa, uliza ufunguo uko kwa nani.